Sura ya Sita: Berlin kwa Zamu

Marafiki wanaosafiri pamoja hawagombani kwa mambo makubwa. Ugomvi huanzia kwenye saa ya kuamka, ukahamia kwenye nani alilipa kahawa ya jana, ukakomaa pale watu watano wanaposimama kwenye kona ya mtaa wasioujua, kila mmoja na simu yake mkononi, kila simu ikielekeza upande wake. Katika miji mingine jambo hili hupona lenyewe kwa sababu mji unawaamulia. Paris ina mnara wake, nyote mtaufuata. Roma ina magofu yake katikati ya mji. Berlin haiwaamulii chochote.

Kisa ni historia yake. Kuanzia tarehe 13 Agosti 1961 hadi tarehe 9 Novemba 1989 mji huu ulikatwa vipande viwili kwa ukuta, na kila upande ukajijengea vya kwake. Bustani za wanyama ziko mbili hadi leo, moja magharibi na moja mashariki. Magharibi kuna mtaa wa maduka makubwa wa Kurfürstendamm. Mashariki kuna uwanja wa Alexanderplatz na mnara wa televisheni wenye mita 368, uliofunguliwa mwaka 1969, ambao hakuna mkazi wa magharibi aliyeweza kujifanya hauoni. Ukuta ulipoondoka, vitu vikabaki viwili viwili. Ukimuuliza mwenyeji katikati ya mji ni wapi, atakuonyesha kwake.

Dawa yetu ilikuwa zamu. Kila mtu alipewa nusu siku ya kuwa kiongozi: atakapopenda twende, tutakwenda, na hakuna kunung'unika mpaka chakula cha usiku. Huko mezani ruksa kusema lolote. Tulikuwa watano. Mwalimu, mstaafu wa historia kutoka Lindi. Mama Vitenge, mzaliwa wa Tanga mwenye duka Kariakoo. Kijana mpiga picha ambaye hakuna aliyemwona bila kamera shingoni. Mwenyeji wetu, muuguzi anayeishi mtaa wa Neukölln na kuujua mji kwa sababu ya zamu za usiku. Na mimi, niliyekuwa naandika. Utaratibu huo ulituonyesha Berlin ambayo hakuna hata mmoja wetu angeiona kama angekwenda peke yake, na ndiyo ninayotaka kuieleza humu.

Kwanza usafiri, maana bila huo hakuna matembezi. Vituo vya treni za Berlin havina geti. Unashuka ngazi, treni imefika, unaingia. Mgeni hudhani ni bure. Si bure: tiketi hununuliwa kwenye mashine, na ile ya karatasi lazima uigonge muhuri kwenye kisanduku kabla ya kupanda. Wakaguzi wanavaa nguo za kawaida kama abiria wengine, milango ikishafungwa ndipo wanatoa vitambulisho. Faini ni euro 60 kwa kila kichwa, na hadithi ya ugeni haiwaingii, wameisikia kila siku. Nauli huhesabiwa kwa kanda tatu, A, B na C; karibu kila utakachotaka kukiona kimo ndani ya A na B, ila uwanja wa ndege uko C. Kuna pia tiketi ya kikundi ya saa 24 inayobeba hadi watu watano. Hiyo peke yake ni sababu nzuri ya kutowaongeza wengine kwenye msafara.

Asubuhi ya kwanza ilikuwa yangu, nikawapandisha basi namba 100. Hili ni basi la kawaida la ghorofa, linapandwa na watu wanaokwenda kazini, lakini lilipoanza mwaka 1990 lilikuwa la kwanza kuunganisha tena pande mbili za mji. Linatoka kituo cha Zoo upande wa magharibi hadi Alexanderplatz, na njiani linapita msitu wa Tiergarten, nguzo ndefu yenye sanamu ya dhahabu yenye mabawa, ikulu ya rais, bunge, kisha barabara ya Unter den Linden. Makampuni ya utalii yanatoza bei kubwa kwa njia inayokaribiana na hiyo. Kaeni juu, mbele kabisa, mjue sura ya mji kabla ya kuanza kuukanyaga. Mpiga picha alipiga picha kupitia kioo chenye matone ya mvua, zote zikatoka na ukungu, akasema ndivyo alivyotaka.

Mchana ukawa wa Mwalimu, naye alitushusha kwenye Lango la Brandenburg.

Lango lenyewe lilijengwa kati ya 1788 na 1791, na juu yake kuna gari la shaba linalokokotwa na farasi wanne. Napoleon alipouteka mji mwaka 1806 aliling'oa gari hilo akalipeleka Paris. Wajerumani wakalirudisha mwaka 1814, baada ya yeye kushindwa. Mwalimu alilieleza hili kwa sauti ya darasani, hata watalii wawili wasiojua Kiswahili wakasogea kusikiliza. Wakati wa ukuta lango lilibaki katika eneo la marufuku, halipitiki kutoka upande wowote. Leo ni uwanja wa waendesha baiskeli, wapiga gitaa na watoto wa shule. Ukitazama chini barabarani utaona safu mbili za mawe ya kutandika zikikata lami: hapo ndipo ukuta ulipopita. Ukishazijua, utazikuta zikivuka maegesho ya magari na njia za miguu, na utashangaa jinsi mstari huo ulivyopinda bila kujali nyumba ya mtu.

Lakini Mwalimu hakutupeleka pale kwa ajili ya lango. Alituongoza kusini, tukapita ukumbusho wa Wayahudi waliouawa na Wanazi, uliofunguliwa mwaka 2005: mihimili 2,711 ya zege ya kimo tofauti juu ya ardhi inayoinuka na kuteremka. Unaingia ukiwaona wenzako, hatua chache mbele huwaoni tena, sauti zao tu. Kwa kikundi, hapo ni mahali pa kuachana kwa muda, kila mmoja aingie kivyake na kukutana upande wa pili. Mpiga picha alifunika lenzi bila kuambiwa.

Kisha tukaingia Wilhelmstraße. Ni mtaa wa fleti za zege za miaka ya mwisho ya Ujerumani Mashariki, maua kwenye baraza, baiskeli zimefungwa nguzoni. Mama Vitenge aliuliza tumefuata nini. Mwalimu akamwonyesha nguzo ya maelezo kando ya njia. Hapa palikuwa na kasri la kansela, na ndani yake, kuanzia tarehe 15 Novemba 1884 hadi tarehe 26 Februari 1885, wajumbe wa mataifa 14 walikaa kuzungumza juu ya Afrika. Hakukuwa na Mwafrika hata mmoja mezani.

“Sasa sikilizeni,” alisema Mwalimu, “maana hapa watu hukosea.” Wengi wetu tulifundishwa kwamba mipaka yote ilichorwa kwenye meza hiyo kwa rula. Sivyo. Mkutano ulishughulikia zaidi biashara ya mito ya Kongo na Niger, na kanuni za nani atatambuliwa akidai pwani. Upande wetu wa mashariki uligawanywa baadaye kwa makubaliano ya Waingereza na Wajerumani ya 1886 na 1890. Jambo linalotuhusu moja kwa moja lilitokea siku moja baada ya wajumbe kufunga mikoba. Tarehe 27 Februari 1885 kampuni ya Carl Peters ilipewa hati ya ulinzi ya Kaisari kwa ajili ya Usagara, Nguru, Uzigua na Ukami, kwa nguvu ya mikataba aliyoizungusha kwa machifu mwishoni mwa 1884. Sultani Barghash wa Zanzibar alilalamika, zikaja manowari.

Tulisimama pale muda mrefu kuliko tulivyosimama langoni. Mama mmoja alitoka na mbwa wake, akatusalimia, akaendelea zake.

Usiku huo mezani Mama Vitenge alitoa lalamiko rasmi: nusu siku nzima hakuna kilichonunuliwa. Akadai zamu yake ya kesho iheshimiwe kama zilivyoheshimiwa nyingine. Kesho yake ilikuwa Ijumaa, siku ya soko la Waturuki kando ya mfereji kwenye mtaa wa Maybachufer. Siku yake nyingine ni Jumanne. Waturuki walianza kuja kwa wingi baada ya mkataba wa kazi kati ya Ujerumani Magharibi na Uturuki mwaka 1961, mwaka ule ule wa ukuta, wakakaa Kreuzberg na Neukölln ambako wakati huo kodi ilikuwa nafuu kwa sababu mitaa hiyo ilikuwa ukingoni, kando ya ukuta. Leo soko hilo ndilo mahali pa kwanza Berlin ambapo mtu wa Kariakoo anajisikia yuko nyumbani. Muuzaji anaita bei kwa sauti. Mwisho wa siku bei inashuka, embe zinatiwa kwenye mfuko mmoja mmoja kwa euro chache. Na kuna vitambaa: majora yamesimamishwa wima, vifungo, zipu, kamba za lesi.

Hapo nilimwona Mama Vitenge kazini. Hakuuliza bei. Alichukua ncha ya kitambaa, akakisugua kati ya kidole gumba na cha shahada, akakigeuza nyuma kuangalia kama rangi imepenya, akavuta uzi mmoja ukingoni. Muuzaji alimtazama, akaacha kuita, akamtolea jora lingine kutoka chini ya meza. Walielewana kwa vidole na kikokotoo cha simu. Alilipa karibu nusu ya bei iliyoandikwa, kisha akanunua kingine kwa bei kamili, na alipoulizwa kwa nini, alijibu, “Huyo naye ana watoto.”

Ni yeye tuliyempa kapu. Kila mmoja alichanga kiasi sawa asubuhi ya kwanza, naye akawa mweka hazina: tiketi, chakula cha pamoja na viingilio vinatoka humo, zawadi na vitamu vya mtu binafsi vinatoka mfukoni mwake. Tangu kapu lianze hakuna aliyehesabu kahawa ya mwenzake. Mwe na noti na sarafu, kwa sababu vibanda na migahawa mingi midogo ya Berlin haipendi kadi. Na msitupe chupa. Chupa nyingi za plastiki za maji na soda zina amana ya senti 25, inarudishwa kwenye mashine za dukani. Mama Vitenge alizikusanya zetu zote, akazilisha mashine moja moja, akatoka na risiti, na jioni hiyo mkate ulitoka humo. Wenyeji wasio na haja ya senti hizo huziacha chupa kando ya pipa ili wanaozikusanya kwa ajili ya riziki wasiingize mikono kwenye taka. Ni adabu nzuri, ifuateni.

Kuhusu chakula nitasema kidogo. Soseji maarufu ya mji, ile inayokatwa vipande na kumwagiwa mchuzi wa nyanya na bizari, mara nyingi ni ya nguruwe. Asiyekula aulize kwanza. Doneri ni ya ndama au kuku. Katika barabara ya Sonnenallee Waarabu wanapika usiku na mchana, na hapo tulikula karibu kila siku bila aibu yoyote ya kutokula “chakula cha Kijerumani”.

Makumbusho yalileta mgawanyiko. Mpiga picha alitaka kisiwa cha makumbusho, na alichokuwa akikitaka hasa ni sanamu ya Nefertiti, malkia wa Misri, iliyofukuliwa mwaka 1912 na ambayo Wamisri wanaidai irudi kwao. Iko peke yake ndani ya chumba chenye mwanga hafifu katika jumba la Neues Museum. Na ndani ya chumba hicho kupiga picha ni marufuku. Alikaa na kamera yake imelala kifuani, kwa mara ya kwanza akitazama kitu kwa macho matupu, na baadaye akakiri kwamba ndiyo sura anayoikumbuka kuliko zote alizozipiga. Jirani yake, jumba la Pergamon, lilifungwa lote mwaka 2023 kwa ukarabati wa miaka mingi. Msijipange kwa ajili yake kwa kufuata vitabu vya zamani.

Sasa mifupa. Hii ilikuwa zamu ya pili ya Mwalimu, na kama mna nafasi ya jumba moja tu mjini Berlin, nashauri liwe hili: makumbusho ya viumbe, mtaa wa Invalidenstraße, kituo cha treni ya U6 kilichopewa jina la makumbusho yenyewe. Unanunua tiketi, unapita mlango mmoja, na kabla hujajiandaa unakuta dinosaria, mnyama mwenye kimo cha mita 13.27, amesimama juu yako. Ukumbi wote umejengwa kumfuata yeye. Shingo inapanda hadi karibu na paa la kioo, na watoto wanalala chali sakafuni ili wamwone vizuri. Baadhi ya sehemu ni nakala, kwa kuwa mifupa halisi ni mizito mno au dhaifu mno kuning'inizwa, lakini miguu unayoiona mbele yako ni yenyewe.

Mnyama huyu ni wa Lindi. Aliishi takriban miaka milioni 150 iliyopita, na mifupa yake ilichimbwa kwenye kilima cha Tendaguru, safari ya siku kadhaa kwa miguu kutoka mjini Lindi, kati ya 1909 na 1913. Wataalamu kutoka Berlin waliosimamia wanatajwa vitabuni: Werner Janensch na Edwin Hennig. Walioshika majembe walikuwa mamia ya watu wa kule, na waliobeba ni wao pia. Tani zaidi ya 200 za mawe na mifupa zilikwenda pwani juu ya vichwa na mabega, kisha zikapakiwa meli. Mpaka leo kazi ya kuyafungua na kuyasafisha haijaisha.

Mwalimu hakupiga picha. Alizunguka mguu wa mbele mara mbili, akasoma kila kibao, akasimama mbele ya wale wadogo: Kentrosaurus mwenye miiba mgongoni, Dicraeosaurus, Elaphrosaurus mwembamba. Wote wa Tendaguru. Akatueleza kile ambacho vibao husema kwa kifupi. Miaka miwili tu kabla ya uchimbaji kuanza, sehemu hizo hizo zilikuwa zimetoka kwenye Vita vya Maji Maji, vya 1905 hadi 1907, na njaa iliyofuata baada ya Wajerumani kuchoma vyakula na mashamba. Mtu aliyekubali kubeba mfupa hadi Lindi kwa ujira alikuwa ametoka kwenye nini? Kisha akataja jina: Boheti bin Amrani. Ndiye msimamizi wa mafundi wa uchimbaji, aliyejifunza kutambua mfupa ndani ya udongo, kuutoa na kuupaka plasta, akawafundisha wengine. Mwaka 2007 aina mojawapo ya dinosaria za Tendaguru ilipewa jina la Australodocus bohetii kwa heshima yake. Karibu miaka 100 ilipita.

Mezani usiku huo tulibishana kama hatujawahi. Mwalimu anataka mifupa irudi, na si yote, alisema, hata huyo mkubwa mmoja, ijengwe nyumba Lindi na watalii waje. Mpiga picha aliuliza nani atalipia nyumba ya mita 15 kwenda juu, yenye hewa iliyodhibitiwa. Mama Vitenge, aliyekuwa kimya, alisema kwamba wakitaka kuiweka huko basi walipe kodi ya pango. Mwenyeji akakumbusha kwamba hoja hii imeshafika hadi bungeni Dodoma na jibu la serikali lilielekea kwenye ushirikiano kuliko kurudishiwa. Mimi niko upande wa Mwalimu. Yeye ndiye pekee kati yetu aliyekulia karibu na kilima hicho, na ilimlazimu kusubiri pensheni na viza ili auone mnyama wa kwao.

Treni ile ile ya U6, ukiendelea kaskazini, inakufikisha kituo cha Afrikanische Straße. Hapa, katika eneo la Wedding, kuna mitaa yenye majina ya Afrika, iliyoanza kupewa majina hayo wakati wa ukoloni. Tangastraße ipo, pamoja na Sansibarstraße, Ugandastraße, Usambarastraße na Kongostraße. Fleti za kawaida, miti, bustani ndogo za wakazi. Mama Vitenge alisimama chini ya kibao cha Tanga, akampigia dada yake wa Ngamiani kwa video, akageuza simu kumwonyesha kibao, na dada akauliza swali moja: “Na nazi zipo?”

Mmoja kati ya mitaa hiyo uliitwa Petersallee tangu 1939, kwa jina la yule yule Carl Peters ambaye huko kwetu aliitwa Mkono wa Damu. Kati ya 1891 na 1892 huko Kilimanjaro aliwanyonga mtumishi wake Mabruk na msichana wa Kichaga Jagodia. Mwaka 1897 alifukuzwa utumishi kwa sababu ya hayo, lakini Wanazi walimgeuza shujaa. Wanaharakati, wengi wao Waafrika wa Berlin, walidai kwa miaka mingi jina liondolewe. Tarehe 23 Agosti 2024 mtaa ukagawanywa majina mawili, na sehemu moja sasa inaitwa Maji-Maji-Allee. Mwalimu alipiga picha yake ya kwanza ya safari hapo, na kidole chake kilionekana kwenye kona ya picha.

Zamu ya mwenyeji ilikuja mwisho na haikuwa na jumba wala kiingilio. Alitupandisha U8 hadi Rosenthaler Platz, tukatembea hatua chache kwenye Brunnenstraße mpaka namba 193, akatuambia tutazame chini. Kwenye njia ya miguu kuna kibao cha shaba, kila upande karibu sentimita 10, kimezikwa kati ya mawe. Vibao kama hivi viko maelfu Ulaya, kazi ya msanii Gunter Demnig, kila kimoja mbele ya nyumba ambayo mtu aliishi kabla ya Wanazi kumchukua. Hiki ni cha Bayume Mohamed Husen, mzaliwa wa Dar es Salaam, mwaka 1904.

Alikuwa mtoto wa askari na yeye mwenyewe akatumika katika jeshi la Wajerumani Afrika Mashariki akiwa bado mtoto. Mwaka 1929 alifika Berlin kudai mishahara ambayo yeye na baba yake hawakulipwa. Hakulipwa. Akabaki, akawa mhudumu wa mgahawa mkubwa wa starehe, akafundisha Kiswahili chuoni, akaoa, akaigiza katika filamu nyingi, kwa kuwa filamu za kikoloni zilihitaji sura nyeusi nyuma ya bwana mweupe. Ya mwisho ilikuwa ya 1941, na iliitwa kwa jina la Carl Peters. Mwaka huo huo alikamatwa kwa uhusiano wake na mwanamke Mjerumani. Alifia katika kambi ya Sachsenhausen tarehe 24 Novemba 1944.

Mwenyeji alisema hupita hapo akitoka kazini asubuhi. Mwalimu akaanza Fatiha, wengine wakainua mikono, na mpangaji wa jengo aliyetaka kutoka na baiskeli alisubiri mlangoni mpaka tulipomaliza.

Ukiendelea na mtaa huo utafika Bernauer Straße, ambako kipande cha ukuta kimeachwa na uwanda wake wa ulinzi kama ulivyokuwa. Ni bure, na kinaeleza zaidi kuliko kile kibanda cha maigizo cha Checkpoint Charlie, ambacho nashauri mkiruke. Kipande kilichochorwa michoro, East Side Gallery, chenye urefu wa zaidi ya kilomita moja, ni kizuri kwa picha asubuhi mapema kabla ya umati.

Kwa jioni nina mapendekezo mawili. Kuba la kioo juu ya bunge halina kiingilio na liko wazi hadi usiku, lakini lazima mjiandikishe mapema kwenye intaneti, kila mtu kwa jina na tarehe ya kuzaliwa, na siku yenyewe mbebe pasi za kusafiria. Lingine ni Tempelhof, uwanja wa ndege uliofungwa mwaka 2008 na kufunguliwa kama bustani mwaka 2010. Serikali ya mji ilipotaka kujenga pembeni mwake, wananchi waliipiga chini kwa kura mwaka 2014. Watu wanachoma nyama, wanaendesha baiskeli kwenye barabara ya kurukia ndege, wanarusha tiara. Mwezi Juni jua huzama huko saa tatu na nusu usiku, na msikiti wa Şehitlik uko ukingoni mwa uwanja huo, ukiwa na minara miwili ya mtindo wa Kiosmani. Waliotaka sala ya Magharibi walikwenda msikitini, waliobaki walilinda vyakula, na njaa ya kusubiri chakula cha jioni ikatufundisha kununua sambusa za akiba.

Kwa wanaotaka kuijaribu Berlin kwa zamu: kikundi kisizidi watano. Zamu ya Jumatatu mpeni asiyependa makumbusho, kwa kuwa mengi hufungwa siku hiyo, na hilo la mifupa pia. Ya Jumapili mpeni asiyependa kununua, maana karibu maduka yote ya Ujerumani hufungwa Jumapili, na Mama Vitenge hakuamini mpaka alipokwenda mwenyewe kusukuma mlango.